Thelathini na Sita

Baba aliinunua Kisumu, kwa Harshad aliyekuwa akifunga duka.
Chini yake ilibeba mota, nzito kama jiwe la kusagia.
"Inajipimia mwanga," Harshad alisema, "inajivutia filamu.
Wewe ni kidole tu."
Baba hakulipenda neno hilo. Alilipa.
Akarudi Kakamega ameipakata kama mtoto wa kuchanjwa.

Betri kumi na mbili.
Sita zilitoka dukani, sita ndani ya redio,
na kila Jumamosi ya harusi mama alikaa mbele ya redio bubu
akasema: leo tena nchi haina habari.

Ilikuwa na akili, lakini akili ya mgeni.
Ikiona gauni jeupe ilishtuka, ikafinya jicho,
na bibi harusi akatoka shela na meno, uso hakuna.
Harusi mbili baba alirudisha pesa.
Ya tatu aliweka mkono wake mbele ya lenzi,
mgongo wa kiganja, mweusi, wenye kovu la panga,
akaipimisha hapo, akaushika ule mwanga kwa kidole gumba.
"Nijue mimi kwanza," aliiambia. "Ndipo umjue mteja."

Mota ndiyo hakuisamehe.
Ukisahau kidole inakula, tra-tra-tra-tra,
filamu ya bei ya kilo mbili za nyama kwa sekunde kumi.
Akaifunga kwenye moja. Mtu mmoja, picha moja, usipepese.
Na filamu ni ya wateja.
Mimi nimo katika harusi moja ya watu nisiowajua:
bega, na nusu ya chupa ya soda.
Mama hata bega hakuwa nalo.

Kisha Shivachi akamkodi kwenda Khayega.
Alikuwa na fahali aliyeitwa Kodi,
kwa sababu, alisema, hakuna awezaye kuikwepa.
Alitaka pembe zinapogongana, zile zile, asikose hata chembe.
Basi baba akasukuma kitufe hadi kwenye mfululizo.
Isukuti zililia. Nyasi zilikuwa na umande.
Kodi akamtazama mwenzake, akafikiri,
akageuka
akaja kwa watu.

Baba alianguka na kiwiko juu ya kidole cha mashine.
Sekunde kumi ilijifanyia kazi yote peke yake.

Usiku, kwenye chumba cha giza, akahesabu kwa sauti:
mbingu. Mbingu. Gamboti ya mtu. Mkia.
Mbingu. Mwavuli. Matope. Matope.
Ya ishirini na tatu akanyamaza.

Watu wote wanakimbilia kule. Mama anakuja huku.
Kiatu kimoja kiko mkononi, kitambaa kimeteleza,
mdomo duara: amefika kwenye ile "o" ya Ingosi.
Nyuma yake nyasi tu, na udongo mwekundu.
Hapakuwa na kitu cheupe cha kuitisha mashine,
ndiyo maana uso umetoka kama ulivyo,
hadi mwanya wa meno, hadi hasira.

Shivachi hakulipa hata senti.
Kila picha baba aliipiga muhuri, Studio Nuru Mpya.
Hii hakuipiga. Nyuma aliandika kwa penseli:
Sikupiga mimi.

Sasa iko kwangu. Ukiibonyeza inakohoa
kikohozi cha mashine za umri wake,
na mle motani mtu alisahau betri, chuma kikaota ukijani.
Nimesugua kwa siki na mswaki. Nimeweka kumi na mbili.
Nimeinua mkono wangu mbele ya lenzi, nikajitambulisha.

Mama amekaa kibarazani, redio inamsomea bei za mahindi.
Anaitazama mota, anahesabu kwa midomo.
"Umezitoa wapi? Za redio yangu hizo?"
na kabla sijajibu
kidole kimeshabonyeza.